Chumba cha Wawili Kule Kampala

Ukitoka stesheni ya Nakuru kuelekea madukani, palikuwa na benchi refu lililoundwa kwa mataruma, yale magogo mazito yanayolala chini ya reli. Hakuna aliyekumbuka nani aliliweka pale, lakini mwaka ule wa 1957 lilikuwa na wenyewe. Upande wa jua aliketi Thuo, fundi wa baiskeli, jina la kijiwe Spana. Katikati aliketi Gelle, mwuza ng'ombe, aliyeitwa Mnada kwa sababu hakujua kusema jambo polepole. Upande wa kivuli palikuwa pa Kimutai wa reli, aliyeitwa Pointi, maana kazi yake ilikuwa kuvuta ule mpini mrefu unaohamisha reli ili kila treni ishike njia yake. Na mbele yao, bila kuketi hata siku moja, alisimama Alamin na birika lake la kahawa. Babu yake alitoka Lamu, na yeye aliitwa Kadhi, kwa kuwa alipenda kukata kesi zisizomhusu.

Alhamisi hiyo, saa sita na nusu mchana, upepo ukileta vumbi jeupe kutoka ziwani, Kimutai alifika akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

— Pointi, umefiwa? aliuliza Thuo.

— Hapana.

— Basi umepandishwa cheo. Sioni sababu nyingine ya kushika bahasha namna hiyo.

— Ni fomu, alisema Kimutai. Fomu ya Jepkosgei. Ya chuo kule Kampala.

Thuo akavua kofia. Watu wa kwao walikuwa wamejaziwa fomu nyingi miaka ile ya hali ya hatari, ya kusafiri, ya kuhama, ya kulala mahali, hata akawa na desturi ya kuvua kofia mbele ya karatasi yoyote yenye mistari.

— Si amekwisha kukubaliwa? aliuliza Gelle. Si ulitununulia mahamri mwezi jana kwa ajili ya kukubaliwa?

— Amekubaliwa. Sasa wanataka mambo mawili. Aandike masomo matatu atakayosoma. Halafu mzazi aseme kama anakubali chumba. Mfuko wa barua za Kampala unafungwa saa tisa leo. Ukikosa wa leo, fomu itafika siku imepita, na chumba atapewa mtoto wa mtu mwingine.

— Saa tisa! alisema Alamin, akimwaga kahawa. Tuna wakati wa kuinywa mara tatu. Toa karatasi.

Kimutai alisita. Usiku kucha kazini alikuwa ameifikiria karatasi ile, akivuta mpini wake kwenye baridi. Treni zilikuwa rahisi: ya Kisumu ilikwenda huku, ya Kampala kule, na taa ilikwambia. Karatasi haikuwa na taa. Mtoto wake alikuwa ameijaza yote kwa penseli, kwa mwandiko safi, akaacha wino kwa baba. "Wino ni wako, baba," alikuwa amemwambia, kisha yeye na mama yake wakaenda kwa fundi cherehani kushonesha magauni ya safari. Walikuwa wameshuka na basi kutoka nyumbani Ravine jana yake.

Akaifungua karatasi juu ya goti.

— Hapa, alisema, ndipo kwenye chumba. Ni chumba cha wasichana wawili. Wamempa mwenzake kabisa kwa jina. Awuor, binti Jonah, wa Kisumu. Hapa nikitaka, naandika apewe chumba cha peke yake.

— Wawili! alisema Thuo, na sauti yake ikashuka. Kwa nini wawili? Jiulize, Pointi. Kwa nini si mmoja, au watatu?

— Kwa sababu vyumba ni vichache.

— Ndivyo wanavyotaka ufikiri. Wawili ni ili mmoja aandike habari za mwenzake. Asubuhi anapeleka ofisini: Jepkosgei jana aliamka saa ngapi, Jepkosgei alisema nini juu ya uji.

— Na Jepkosgei naye si atapeleka habari za Awuor? alisema Alamin.

— Basi wako sawa, alisema Thuo, akaonekana kukata tamaa kidogo na hoja yake.

Gelle akapiga goti.

— Spana anaona polisi kila mahali. Mimi nawajua ng'ombe. Chukua mtamba mmoja wa Ravine, mmoja wa Kisumu, watie zizi moja. Siku tatu hawali! Wallahi, siku tatu wanatazamana tu. Mtamba wa Ravine amezoea baridi, yule wa ziwani amezoea joto. Mmoja anataka dirisha wazi, mwingine anataka lifungwe. Ukija mtihani, wote mbavu nje.

— Binti yangu si mtamba, Mnada.

— Sijasema ni mtamba. Nimesema mbavu.

Alamin akasubiri wanyamaze, kama hakimu. Akakohoa.

— Ninyi hamjui chuo. Mimi nina binamu aliyepeleka mchele pale Kampala. Jengo lina ghorofa. Wanaokaa juu wanaolewa na mawakili. Wanaokaa chini wanaolewa na walimu. Katikati ni makarani. Ni jambo linalojulikana. Sasa, fomu inasema ghorofa gani?

Kimutai akaitazama fomu kana kwamba ghorofa ilikuwa imejificha nyuma ya maneno.

— Haisemi.

— Umeona! alisema Alamin.

— Afadhali apewe cha peke yake, alisema Gelle. Juu kabisa. Andika juu kabisa, dirisha la mashariki.

— Na huyo wa Kisumu, alisema Thuo, atakuja na samaki wakavu. Nakwambia. Vitabu vitanuka mpaka mwalimu ajue nani anasoma chumba kipi.

Wakacheka wote, na Kimutai akacheka nao, lakini kicheko chake kilikwisha mapema. Hakuwa na hofu ya samaki. Alikuwa anamwona yule msichana asiyemjua akiwa ameketi kitandani ng'ambo ya chumba, hana sura, amenyamaza. Je, angekuwa mkali? Mwizi wa sabuni? Mtu wa kucheka matamshi ya wengine? Jepkosgei alikuwa mtoto wa kunyamaza akionewa. Hilo alilijua, au alidhani alilijua.

— Na masomo? aliuliza Gelle, akiinamia karatasi. Ameandika nini hapa?

— Kiingereza. Jiografia. Historia.

— Historia! Mambo yaliyokwisha! Nani ananunua ng'ombe aliyekufa? Mtoto wa kike ana akili namna ile, mwandike daktari wa mifugo. Nitampa kazi mimi mwenyewe, kesho, kule Lanet, nina ndama wanaharisha.

— Asome hesabu, alisema Thuo. Hesabu haina ubishi. Hakuna atakayekuja usiku kukuuliza kwa nini umesema mbili na mbili ni nne.

— Sheria, alisema Alamin. Akikaa ghorofa ya juu halafu asome sheria, hata huyo wakili hatamfaa tena. Ataolewa na nani? Na hakimu! Hakimu mzima anakuja Ravine kuleta mahari, sisi tumekaa hapa mbele, mimi ninamwaga kahawa.

— Hakimu anakunywa kahawa yako?

— Atakunywa nini kingine?

Kwa muda kidogo wote wanne walimwona huyo hakimu na wigi lake, akipanda vilima vya Ravine nyuma ya ng'ombe kumi, na hata Kimutai hakuwa na moyo wa kumrudisha.

— Basi hiyo Historia tuifute kwanza, alisema Gelle. Nafasi ikiwa wazi, mtu anafikiri vizuri. Ni penseli tu.

— Tutafuta na nini?

Shuleni, zamani kidogo, watu walifuta penseli kwa kipande cha mkate. Gelle alikuwa amesikia habari hiyo. Lakini hapakuwa na mkate. Palikuwa na mahamri, yaliyotoka kwa Kuluthum, mke wa Alamin, yakiwa moto bado ndani ya kitambaa. Kimutai hakusema ndiyo. Alichelewa tu kusema hapana, na tayari Gelle alikuwa anasugua.

Historia ilifutika kweli. Mahali pake pakabaki doa la mafuta, la mviringo, linalong'aa. Thuo akaiinua karatasi kwenye mwanga.

— Pointi, alisema kwa heshima, naona mlima Menengai.

— Mungu wangu, alisema Kimutai.

— Itakauka, alisema Gelle.

— Mafuta yamekauka lini, Mnada?

— Ya Kuluthum hayana mafuta mengi!

— Usimtaje mke wangu kwenye kesi, alisema Alamin.

Saa ya stesheni ilionyesha saa saba na robo. Kimutai akaichukua karatasi yake, akaifuta kwa mkono wa shati, jambo ambalo halikusaidia kitu, akatoa kalamu ya wino mfukoni. Alikuwa ameazima kalamu hiyo kwa karani wa stesheni na kuahidi kuirudisha kabla ya zamu. La masomo lingengoja. Hili la chumba angelimaliza sasa hivi. Angeandika chumba cha peke yake, na msichana asiye na sura angetoweka kitandani pale.

Kalamu ilikuwa karibu kugusa karatasi aliposimama mbele yao mtu mrefu, mweusi wa masizi mpaka kwenye kope, amevaa ovaroli ya watia makaa wa reli. Kwapani alikuwa na kifurushi cha karatasi ya gazeti.

— Hamjambo wazee. Mnamjua Kimutai wa pointi?

 Siku hizo mtu akitajiwa jina la jirani yake na mgeni, kwanza alijifanya hamjui.

— Kimutai gani? alisema Thuo, akivaa kofia yake. Wako wengi.

— Mwenye binti anayekwenda Kampala.

— Wako wengi pia, alisema Thuo, ambaye alijua kwamba alikuwako mmoja tu.

— Ni mimi, alisema Kimutai. Karibu.

Mgeni akamshika mkono, akaupa mkono wa kushoto heshima ya kushikilia kiwiko.

— Mimi ni Jonah. Baba Awuor. Nimeleta treni ya mizigo kutoka Kisumu asubuhi, narudi nayo jioni. Fomu yangu nayo iko hapa, sijatia wino. Nikasema, kabla sijatia, nimwone mwenzangu.

Thuo akakiangalia kile kifurushi kwa jicho moja, akanusa hewa. Hakikunuka kitu ila wino wa gazeti. Alamin akammwagia mgeni kahawa bila kuulizwa, na Gelle, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasogea.

— Keti, ndugu yangu. Tulikuwa tunasema habari zako.

— Nzuri?

— Tumeanza tu, alisema Alamin.

Jonah akanywa, akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

— Sina maneno mengi, baba Jepkosgei. Nina swali moja tu. Wako hulala taa ikiwa inawaka, au ikiwa imezimwa?

Kimutai akafungua mdomo.

— Wangu hawezi giza, alisema Jonah, kana kwamba anaungama. Tangu mdogo. Mtu mzima sasa, anasoma vitabu vikubwa kuliko matofali, lakini zima taa uone. Tulikaa landhi, vyumba vya wafanyakazi wa reli, unavijua. Chumba kimoja, pazia katikati, watoto upande ule, sisi upande huu. Nikitoka zamu ya usiku namkuta anaitazama taa. Nimempenda na taa yake. Lakini najua wengine hawawezi kulala mwanga ukiwapiga machoni. Basi nimenunua hii hapa bazaa, ndogo kabisa.

Akafungua gazeti. Ilikuwa taa ya chemni, ndogo kama ngumi ya mtoto, kioo chake kimezungushiwa pamba.

— Kwa hiyo nimeuliza. Wako hulalaje?

Wote wakamgeukia Kimutai. 

Kimutai alitafuta. Alitafuta kama mtu anayepapasa mifuko yote akijua hana alichokiweka. Kwao, binti akishaanza kukua, baba hakanyagi mahali anapolala; hiyo ndiyo adabu, na hakuwahi kuiona kuwa na kasoro. Jepkosgei alikuwa amelala kwa bibi yake, nyumba ya juu, na miaka kumi ilipotimia alikwenda shule ya bweni. Kimutai alijua sanduku lake la bati lilikuwa na uzito gani, kwa kuwa alilibeba kila muhula kutoka basi mpaka lori la shule. Alijua namba zake za mtihani. Alijua anakunywa chai bila sukari. Kutwa nzima alikuwa akimwogopa mtoto wa mtu mwingine kwa sababu hakumjua.

— Imezimwa, alisema Thuo, ili kumsaidia. Watu wa Ravine huzima.

— Inawaka! alisema Gelle. Kule kuna chui.

— Nusu nusu, alisema Alamin.

— Sijui, alisema Kimutai.

Lilitoka polepole. Akalirudia, kwa kuwa mara ya kwanza lilikuwa dogo mno.

— Ndugu yangu, sijui. Ningoje hapa. Usiende.

Akakunja fomu, doa na yote, akavuka barabara akikimbia, mtu wa miaka hamsini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia isipokuwa mbele ya treni.

Kwenye baraza la fundi cherehani, Cheptanui mkewe alikuwa ameketi juu ya blanketi mbili mpya zilizofungwa kamba, akilinda. Jepkosgei alikuwa amesimama mikono imenyooshwa, pini mabegani.

— Baba? Umetia wino?

— Bado. Nataka kukuuliza neno, alisema, akijikuta anatazama pini. Wewe hulala taa inawaka, au imezimwa?

Fundi akasimamisha cherehani yake. Cheptanui akamtazama mumewe kutoka kofia mpaka viatu.

— Baba Jepkosgei, umekunywa nini kwa Alamin?

— Kahawa. Wewe unajua?

Cheptanui akataka kujibu, akakunja uso.

— Kwangu taa ilizimika tu, mafuta yakiisha. Kwa bibi yake kulikuwa na moto wa jikoni. Sijui alipendaje. Mwulize mwenyewe.

— Si ndiyo nauliza!

Jepkosgei alikuwa ameshusha mikono, pini zote zikapinda.

— Sijui, baba, alisema. Shuleni saa tatu kengele ililia na taa ikazimwa. Miaka minane. Hakuna aliyetuuliza, akaongeza akifikiri. Sijawahi kuichagua taa.

Kimutai akatikisa kichwa, taratibu. Kisha akamweleza habari za Jonah, na landhi, na pazia, na taa iliyofungwa pamba. Jepkosgei alisikiliza akitabasamu kidogo kidogo, na baba alipofika kwenye taa ndogo kama ngumi ya mtoto, binti alikuwa anacheka.

— Mtu mzima anaogopa giza! Basi nimempenda. Mwambie iwake. Mimi nitageukia ukutani.

— Utaweza kulala?

— Nikishindwa nitasoma. Leta karatasi tuone.

Akaifungua. Akaigeuza. Akaitazama dunia kupitia doa.

— Nani amefuta Historia?

— Mnada. Kwa mahamri.

— Mahamri?

— Anataka uwe daktari wa ndama. Spana anataka hesabu. Kadhi, sheria; amekwisha kukuoza kwa hakimu.

— Na wewe, baba? Unataka niandike nini?

Swali hilo alikuwa na jibu lake. Alikuwa nalo tangu jana: aandike lolote litakalomrudisha awe mwalimu karibu na nyumbani, shule ya hapo Ravine, aonekane Jumapili. Lilikuwa mdomoni kabisa. Kimutai akalimeza, likashuka kwa shida, akafungua kifuniko cha kalamu ya karani wa stesheni.

— Wino huu hapa, alisema. Kalamu irudishwe kabla ya zamu.

Jepkosgei aliweka karatasi juu ya meza ya fundi. Juu ya doa wino ulikataa, ukakusanyika matone matone, basi akaandika pembeni, kwa herufi nene, Historia. Akapitia Kiingereza kwa wino. Akapitia Jiografia. Akamrudishia baba kalamu kwa mikono miwili, na Kimutai akatia jina lake chini, palipoandikwa mzazi, na karibu na chumba akaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine ya jambo lile: Nakubali.

Saa nane na nusu alirudi benchini anahema. Jonah alikuwa amesimama tayari, ovaroli yake ikiwa imeacha alama nyeusi ya mtu mzima juu ya taruma.

— Mwambie Awuor taa iwake, alisema Kimutai. Wangu atageukia ukutani.

 Jonah akatoa fomu yake mfukoni, akaomba kalamu, akaiweka karatasi mgongoni pa Thuo kwa kukosa meza, akatia jina. Kisha baba wawili wakaondoka pamoja kuelekea posta, mmoja mfupi na mmoja mrefu, kila mmoja akimwambia mwenzake ajihadhari na baiskeli za barabarani.

Thuo alikuwa bado ameinama.

— Ngoja, alisema. Pointi! Na kama vitanda viko katikati, havigusi ukuta?

Lakini Pointi alikuwa amekwisha kuvuka. Gelle akamgeukia Alamin, ambaye alikuwa na binamu aliyefika kule. Alamin akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe, akangoja, akalitikisa kidogo karibu na sikio.

— Imekwisha, alisema.